Majina ya Ndege wa Maji katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Kila mwaka, baina ya mwezi wa Machi na mwezi wa Mei, ndege wengi waliokuwa wakitafuta chakula katika mahori, maziwa na milango ya mito ya pwani ya Kenya huondoka kuelekea kaskazini. Wenye kuwatazama ndege hao kwa darubini, wakiwahesabu na kuandika habari zao, si wachache, nao ni wenyeji na wageni pia. Lakini habari hizo huandikwa karibu zote kwa Kiingereza. Makala hii inakusudia kueleza utazamaji wa ndege wa maji katika sehemu za Malindi na Kilifi, na kuonyesha tatizo la lugha lililomo ndani yake. Kiswahili kina majina mengi ya ndege hao, ila majina yenyewe hayajafungamanishwa barabara na ndege wanaotajwa. Jina ambalo haijulikani ni la ndege gani halimfai mwanafunzi wala mtafiti, hata likiwamo katika kamusi.

Majira

Tatizo la kwanza ni la majira. Vitabu vya Ulaya husema kwamba ndege hawa husafiri wakati wa machipuko, yaani wakati theluji inapoyeyuka na miti kutoa majani mapya. Wafasiri wengine huliita jambo hilo masika. Kwa hesabu ya miezi hawakukosea sana, kwani masika nayo huingia Machi au Aprili. Kwa maana, wamekosea. Masika ni majira ya mvua kubwa, ambayo sehemu za Mvita na kaskazini yake huitwa pia mwaka. Hayana uhusiano wowote na theluji.

Hata hivyo pwani ina kalenda yake iwezayo kueleza safari za ndege vizuri zaidi, nayo ni kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kisha hufuata kipindi cha tanga mbili, pepo zinapogeuka, na baada yake kusi. Vyombo vya Omani na Ghuba vilikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Ndege wahamaji nao wako pwani kaskazi nzima, na huondoka katika tanga mbili na mwanzo wa kusi.

Mfano ulio bora ni wa ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na katika jamii yake hana mwenziwe. Ndege huyu huzaa katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Sham, Somalia, Omani na Ghuba. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Wakati usio wa kuzaa huonekana kwa makundi katika hori ya Mida. Hivyo ndege huyu na nahodha wa jahazi walikuwa na njia moja na nchi zile zile.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba si wote waendao kaskazini kuzaa. Kuna ndege mdogo mwenye mabawa marefu, Glareola ocularis, ambaye huzaa Bukini na kufika mlango wa mto Sabaki wakati wa kusi, wenzake wa kaskazini wakiwa wameshaondoka au wanaondoka. Kwake huyo neno machipuko halina maana hata kidogo, lakini neno kusi linamwenea barabara.

Mahali pa kutazamia

Mahali pa kutazamia ni pa namna tatu. Pa kwanza ni hori ya Mida, baina ya Watamu na Gede. Maji yanapokupwa hori huacha wazi uwanda mkubwa wa matope na mchanga, na ndege hutawanyika mbali sana wakipekua kaa na minyoo. Yanapojaa, husukumwa wote pamoja karibu na mikoko. Basi mtazamaji hana budi kujua saa za maji, na kupambanua bamvua na maji mafu, kwani katika bamvua uwanda wote huweza kufunikwa na ndege wakakusanyika mahali padogo. Hapo ndipo wahesabikapo.

Pa pili ni mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi. Mto huu hushuka kutoka bara kwa jina la Athi, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, nao huchukua udongo mwingi unaofanya mafungu ya mchanga na matope. Hapo huonekana ndege wa bahari na ndege wa maji matamu mahali pamoja, na mara nyingine heroe.

Pa tatu ni maziwa ya bara kidogo, upande wa magharibi wa Malindi, kama Chemchem na Jilore. Haya ni maziwa ya kufuata mvua: mwaka wa mvua hujaa maji, mwaka wa ukame huweza kukauka. Yakiwa na maji huonekana korongo, yangeyange, mnandi na bata wa aina mbalimbali. Wakaao kandokando yake wengi ni Wagiriama, kwa hiyo mtafiti wa majina hapo atakutana na lugha mbili kwa mpigo mmoja, na asipoziandika mbalimbali atazichanganya.

Majina na maana zake

Majina ya ndege wa maji katika Kiswahili yanaweza kutazamwa kwa njia kadhaa. Yako yanayoelekea kuiga sauti, kama kitwitwi, jina la ndege wadogo wakimbiao ukingoni mwa maji. Yako yenye maana zaidi ya moja: mwari ni ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, na pia ni kijana aliye katika unyago, korongo ni ndege, na pia ni bonde lililochimbwa na maji. Katika sarufi, majina haya huhifadhi viambishi vya umbo lake lakini hufuata upatanisho wa viumbe: husemwa vitwitwi hawa wanakimbia, wala si vitwitwi hivi vinakimbia.

Jambo zito zaidi ni upana wa maana. Korongo hutumiwa kwa ndege wa jamii tatu ambazo wanasayansi huzitenga kabisa. Shakwe, membe na buabua hutajwa kwa ndege weupe warukao juu ya bahari. Lakini baina yao wako wanene wenye mikia ya mraba, na wako wembamba wenye mikia ya panda. Kitwitwi nalo hufunika ndege wengi wanaofanana. Baadhi ya hao hubadili manyoya mwezi wa Aprili kabla ya kusafiri. Aliyekuwa wa kijivu wakati wa kaskazi huwa mwekundu wa kutu. Anayeuliza jina mara moja tu kwa mwaka huweza kupewa majina mawili akadhani ni ndege wawili, au kupewa jina moja asitambue kwamba amekwisha kuwaona ndege kumi.

Upana huo si upungufu wa wasemaji. Mvuvi hutaja kwa kadiri ya haja yake. Lakini haja zikiongezeka, lugha nayo hutakiwa kuongezeka. Ahesabuye ndege wa Mida akisema kuna vitwitwi mia tano hakusema jambo la kutosha, kwani aina moja huweza kupungua miaka yote na nyingine ikabaki vile vile. Kama Kiswahili hakiwezi kulisema hilo, mtoto wa Watamu atafundishwa ndege wa hori yake kwa lugha nyingine.

Kazi ya kamusi

Krapf, aliyekaa Rabai kuanzia 1846, aliacha kamusi iliyotolewa 1882. Baadaye ikaja ya Johnson ya 1939, na ya Sacleux ya 1939 hadi 1941, ambayo inajitenga na nyingine kwa bidii yake ya kutoa majina ya kisayansi ya mimea na wanyama. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilikuwa hatua kubwa kwa kueleza Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini fafanuzi za kusema kwamba neno ni aina ya ndege wa pwani, bila zaidi, hazimwezeshi msomaji kumtambua ndege huyo akimwona.

Dawa yake haipatikani mezani. Picha pekee haitoshi kumwulizia mvuvi, kwa sababu haina sauti, mwendo wala kimo. Jina liandikwe ndege akiwa mbele ya macho, pamoja na mahali, mwezi, hali ya maji, rangi ya manyoya na lahaja ya msemaji. Na mtazamaji ajuaye jina la kisayansi awe papo hapo. Pasipo na jina ndipo litungwe, kwa kufuata njia ambazo lugha yenyewe imezizoea, kama vile mla kaa kwa yule Dromas ardeola.

Hitimisho

Katika misitu ya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, yuko mnana ambaye wanasayansi walimpa jina, Ploceus golandi, mwaka 1913. Mahali atagapo hapakujulikana kwao hadi 2013, viota vyake vilipoonekana katika kinamasi cha huko. Kwa hiyo sayansi ilikuwa na jina kwa miaka 100 kabla ya kupata maarifa. Hali ya Kiswahili katika pwani hii ni kinyume chake: maarifa yapo kwa wavuvi na wakulima, wajuao ndege gani huja na upepo gani, ila majina hayajathibitishwa. Maarifa ya namna hiyo hayangoji miaka 100, kwani yamo vinywani mwa watu, na watu hupita.