Tuanzie Wapi Ruwenzori?

Wenzangu waulizao habari za bonde la Bujuku, katika milima ya Ruwenzori, hutaka kwanza kujua kilele: Margherita, mita 5,109. Mimi nasema, ulizeni kwanza mahali pa kuanzia.

Kutoka Kigali twapitia Mbarara mpaka Kasese, Uganda, na hapo njia ni mbili. Ile ya Kilembe, kulikochimbwa shaba, huzunguka na kukawia kulifikia bonde. Ile ya Nyakalengija hufuata mto Mubuku, kisha Bujuku wenyewe. Nyakalengija ni mita kama 1,600, karibu sawa na Kigali yetu, basi mapafu hayashtuki siku ya kwanza. Hatari iko mbele: kambi ya Nyabitaba ni mita 2,651, John Matte hupita 3,400, na Bujuku ni karibu 4,000. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kwa hiyo sisi tutakaokwenda Julai, mvua ikipungua, tumechagua Nyakalengija, na John Matte tutalala siku mbili, ingawa mwenzetu mmoja anaulilia ujira wa wachukuzi. Viatu vya ngozi viacheni nyumbani. Matope ya Bujuku yataka buti za mpira.