Kwa nini mwajiri mmoja aliwapumzisha wafanyakazi, na mwingine akawaachisha kazi?



Tunapojifunza Mafundisho Jamii ya Kanisa, swali moja la wakati wa Corona hurudi mara kwa mara. Serikali zilipoamuru watu wakae nyumbani na biashara zikafungwa, kwa nini mwajiri mmoja alibaki na wafanyakazi wake ilhali jirani yake aliwaaga? Wengi wetu hujibu upesi: wa kwanza alikuwa na moyo wa huruma, wa pili hakuwa nao. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Tuangalie nchi ambayo uchaguzi huo uliwekwa wazi mikononi mwa mwajiri, yaani Uingereza, kisha turudi nyumbani.

Mpango wenyewe ulikuwaje?

Tarehe 20 Machi 2020, siku tatu kabla Waingereza hawajaamriwa kukaa nyumbani, Waziri wa Fedha Rishi Sunak alitangaza mpango wa kulinda ajira. Mwajiri asiye na kazi ya kumpa mfanyakazi aliruhusiwa kumpumzisha kwa muda badala ya kumwachisha. Mkataba uliendelea, na jina la mfanyakazi likabaki kwenye orodha ya mishahara. Serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara wake, lakini si zaidi ya pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango ulikusudiwa kuwa wa miezi michache tu, ukaongezwa tena na tena hadi tarehe 30 Septemba 2021. Kwa jumla ulihusu ajira milioni 11.7 na kugharimu takriban pauni bilioni 70.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Fedha hizo ziliombwa na mwajiri, si mfanyakazi. Mfanyakazi alipaswa kukubaliana na mpango huo, lakini hakuwa na haki ya kuudai. Mama aliyebaki na watoto nyumbani kwa sababu shule zimefungwa, au mgonjwa aliyeshauriwa na daktari asitoke nje, aliweza kuomba apumzishwe. Mwajiri akikataa, ombi liliishia hapo. Ndiyo maana inafaa kuuliza mwajiri aliamuaje.

Sababu zilizomvuta awapumzishe

Ya kwanza ni ujuzi. Mpishi aliyekaa jikoni miaka minane anajua wateja, anajua vyombo, anajua hata fundi wa kumwita jiko likiharibika. Ukimwachisha, utamtafuta mwingine na kumfundisha upya, na hiyo ni gharama. Mwajiri aliyeamini kwamba wateja watarudi aliona afadhali kubaki na watu wake.

Ya pili ni gharama ya kuachisha. Kwa sheria ya Uingereza, mfanyakazi aliyetimiza miaka miwili kazini hulipwa kiinua mgongo nafasi yake ikifutwa, tena hupewa notisi. Mwajiri ambaye mauzo yamekatika hana fedha ya kulipa watu kumi kwa mkupuo.

Ya tatu ni kwamba, miezi ya mwanzo, kumpumzisha mtu karibu hakukumgharimu mwajiri chochote. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa pauni 2,000. Mwezi Mei 2020 serikali ililipa 1,600, pamoja na mchango wa mwajiri wa bima ya taifa na ule wa lazima wa pensheni. Zile 400 zilizobaki mwajiri aliweza kuziongeza kwa hiari yake. Wengine waliziongeza, wengine hawakuziongeza.

Sababu zilizomzuia

Mbona basi si wote waliokimbilia mpango huo? Kwanza, kuna kazi ambazo hazikusimama. Hadi mwisho wa Juni 2020, aliyepumzishwa hakuruhusiwa kumfanyia mwajiri wake kazi yoyote, hata ya saa moja. Ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja ingempumzisha, nani angeandaa mishahara? Tangu Julai 2020 iliruhusiwa mtu kufanya kazi siku kadhaa na kupumzishwa siku nyingine, na hapo mambo yakalegea kidogo.

Pili, fedha ilichelewa. Tovuti ya kuombea ilifunguliwa tarehe 20 Aprili, wakati mishahara ya Machi ilikuwa tayari inadaiwa. Mwenye akiba alilipa akasubiri kurudishiwa. Asiye na akiba alitafuta mkopo, au aliandika barua za kuachisha.

Tatu, kuna mwajiri aliyeona kuwa biashara yake haitarudi kabisa. Huyo aliona kwamba kumpumzisha mtu kungeahirisha tu habari mbaya, na pengine kumchelewesha kutafuta kazi kwingine.

Nne, gharama ilipanda. Septemba 2020 serikali ilishusha sehemu yake hadi asilimia 70, na Oktoba hadi 60, huku mwajiri akitakiwa kujaza hadi ifike 80. Mfanyakazi wetu wa pauni 2,000 sasa alimgharimu mwajiri wake pauni 200, kisha 400, na juu yake michango ambayo mwajiri alianza kuilipa mwenyewe tangu Agosti. Mtu ni yuleyule na mlango bado umefungwa, lakini hesabu imebadilika. Vuli ya mwaka huo idadi ya walioachishwa kazi Uingereza ilipanda kuliko wakati wowote tangu takwimu hizo zianze kukusanywa kwa namna ya sasa. Serikali ilirudisha asilimia 80 mwezi Novemba, lakini wengi walikuwa wameshapewa barua zao.

Mwajiri wa pili, asiyeonekana

Hesabu hizo zinatuonyesha kwamba uamuzi wa mwajiri haukutoka moyoni mwake peke yake. Kanuni zilizoandikwa na serikali zilimsukuma huku au kule. Ujerumani ilikuwa na utaratibu wa zamani wa kupunguza saa za kazi badala ya watu, na hazina ya bima ya ajira ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Waajiri wa huko walikuwa wameshauzoea. Marekani ilielekeza msaada mwingi kwa waliokosa kazi. Kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Julai 2020 iliwaongezea dola 600 kwa wiki, na kwa wafanyakazi wengi wa kipato cha chini jumla ilizidi mshahara wao wa kawaida. Huko mwajiri aliyempeleka mtu nyumbani bila mshahara pengine hakumpunguzia kipato.

Kenya haikuwa na mfuko wa kulipa mishahara ya namna hiyo. Serikali ilipunguza kodi, na waliopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa kodi ya mshahara. Lakini hoteli isiyo na mgeni hata mmoja haiokolewi na punguzo la kodi. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayefuta nafasi alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimizwa kazini. Basi katika hoteli na biashara nyingi njia ya kati ikawa likizo bila malipo. Mkataba ulibaki hai, lakini sufuria nyumbani ilikuwa tupu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kuna mwajiri wa moja kwa moja, anayetia sahihi mkataba, na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani dola, sheria na taasisi zinazoweka mazingira ya kazi. Wote wawili wana wajibu kwa mfanyakazi. Tukimlaumu mwenye hoteli peke yake tunamsahau huyu wa pili. Lakini tukisema yote ni ya serikali, tunamvua mwajiri dhamiri yake. Kanuni zilimwachia nafasi: kuongeza ile asilimia 20 au la, kumkubalia yule mama au la, kuzungumza na watu kabla ya kuamua au kuwatumia ujumbe usiku. Kwa kipimo cha Kanisa, hapo ndipo mwajiri anapohukumiwa.

Waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991 unakubali kwamba faida ni dalili ya afya ya biashara, lakini unaonya kwamba hesabu zinaweza kuwa safi huku watu, ambao ndio mali kubwa ya biashara, wakidhalilishwa.

Na sisi je?

Ni rahisi kuwahukumu wenye hoteli. Lakini parokia nayo ni mwajiri. Ina mpishi, mlinzi, mhudumu wa sakristia, katibu, walimu wa chekechea. Ibada za hadhara ziliposimamishwa Kenya kuanzia Machi hadi Julai 2020, sadaka ya Dominika ilipungua mno, na waliotegemea sadaka hiyo walikuwa watu wenye majina tunayoyajua. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wafuate kwa makini sheria za nchi kuhusu kazi, na wawalipe wafanyakazi ujira wa haki unaowawezesha kutunza familia zao. Kanuni hiyo haikusimamishwa na Corona.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati ya fedha ya kila parokia ijiulize maswali manne kabla janga jingine halijaja. Je, kila anayetufanyia kazi ana mkataba wa maandishi? Je, michango yake ya hifadhi ya jamii inapelekwa kila mwezi? Je, tuna akiba ya kulipa mishahara walau ya miezi mitatu? Na ikibidi kupunguza, je, tumekubaliana kwamba makato yaanzie juu, kwa wenye zaidi, kabla ya kumfikia mlinzi?

Kwa waseminari wenzetu tunaongeza neno moja. Siku moja wengi wetu tutakabidhiwa daftari la mishahara pamoja na funguo za kanisa. Tujifunze kulisoma tangu sasa. Mwajiri aliyefikwa na Machi 2020 akiwa na akiba na mikataba alikuwa na nafasi ya kuchagua. Aliyefikwa mikono mitupu hakuwa nayo, hata kama alikuwa na moyo mwema.