Vitufe vya biskuti na chokoleti: Faida iko kwenye mizani na kivuli

KATIKA kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi, kama ilivyo katika kata nyingine za mji huo, biashara ya vitafunwa vya kupikia nyumbani si jambo geni. Maandazi, vitumbua, kashata na keki za sherehe hutoka katika majiko ya kawaida na kuwafikia wateja madukani, shuleni na kumbini. Mwenye jiko la gesi, sufuria mbili na friji ndogo ameshapata zaidi ya nusu ya vifaa vya kuanzia.

Safari hii tunaangalia kitafunwa ambacho bado hakijajaa mitaani: vitufe vya biskuti vilivyopakwa chokoleti. Ni biskuti zilizosagwa, zikakandwa kwa maziwa mazito au siagi, zikaviringwa mfano wa kaimati, kisha zikachovywa kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Hakuna kuoka, hivyo oveni haihitajiki.

Lakini msomaji asidhani kuwa ni fedha ya haraka. Vitufe hivi vina maadui wawili, ambao ni joto la Moshi na hesabu ya kubahatisha. Anayewashinda wote wawili atapata riziki. Atakayeshindwa na mmoja wao atauza kila siku bila kuona fedha.

Soko linakuja wakati wa jua kali

Ukitazama kalenda ya Moshi utaona kuwa wateja wa vitu vya zawadi huongezeka Desemba, pale wenyeji wa Kilimanjaro wanaoishi mikoa mingine wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Huo pia ni msimu wa harusi, kipaimara na sherehe za kuaga mabinti. Baada ya hapo inafuata Siku ya Wapendanao Februari 14, na mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi mji hupokea wageni wa mbio za Kilimanjaro Marathon.

Tatizo ni kwamba kipindi hicho hicho ndicho chenye joto kali. Kati ya Januari na Machi joto la mchana mjini Moshi huvuka nyuzi 30 za Selsiasi. Mafuta ya kakao, ambayo ndiyo yanayoifanya chokoleti iwe ngumu, huanza kulainika kabla ya kufika nyuzi 30 na huyeyuka yanapokaribia nyuzi 34. Maana yake ni kwamba boksi la vitufe lililoachwa juu ya meza ya duka saa nane mchana linaweza kugeuka uji kabla mteja hajafika.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza asisubiri Desemba. Juni, Julai na Agosti, wakati wa baridi, ndiyo miezi ya kufanyia majaribio. Msimu wa joto ukifika, fanya kazi ya kuchovya alfajiri au usiku, na upeleke mzigo kwa mteja kabla jua halijapanda.

Mahitaji na namna ya kutengeneza

Kwa mkupuo mmoja wa vitufe 40 vya ukubwa wa wastani, andaa:

• Biskuti za kawaida gramu 400
• Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, gramu 200 hadi 225
• Unga wa kakao vijiko vitatu vya chakula
• Chokoleti ya kuchovyea gramu 400
• Chumvi kidogo sana

Saga biskuti kwa mchi na kinu kikavu, au zifunge kwenye mfuko safi uzikanyage kwa chupa mpaka ziwe kama unga. Chekecha, kwa sababu vipande vikubwa hufanya kitufe kipasuke. Changanya na unga wa kakao na chumvi, kisha ongeza maziwa kidogo kidogo huku ukikanda. Ukifinya tonge likashikana bila kunata mkononi, acha kuongeza. Biskuti hazifanani, hivyo mkono wako ndio utakaoamua.

Pima kila tonge kwa mizani, gramu 16 kila moja. Hapa wengi huviringa kwa kukadiria, na matokeo yake mkupuo wa vitufe 40 unatoa 33, huku mteja mmoja akipata kikubwa na mwingine kidogo. Panga vitufe kwenye sinia, funika, weka kwenye friji kwa dakika 30 hadi 60.

Vitoe dakika kumi kabla ya kuchovya. Kitufe kikiwa baridi mno, chokoleti huganda ghafla, na kitufe kinapopata joto hutanuka na kupasua ganda.

Chovya kimoja kimoja kwa uma, gonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili chokoleti ya ziada idondoke, kisha weka kwenye karatasi ya kuokea. Ukiacha ganda nene utaona limependeza, lakini kumbuka kuwa chokoleti ndicho kitu cha gharama kuliko vyote katika kazi hii.

Ijue chokoleti unayonunua

Madukani kuna aina mbili. Ya kwanza ni chokoleti halisi yenye mafuta ya kakao. Ya pili imetengenezwa kwa unga wa kakao na mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mbegu za mawese. Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Orodha ya viambato ndiyo itakayokuambia.

Aina ya pili ni rahisi kwa anayeanza. Unaiyeyusha, unachovya, inaganda. Chokoleti halisi ina ladha bora, lakini ina masharti. Ukiiyeyusha na kuiacha ipoe ovyo, hubaki laini au hutoka madoa meupe. Madoa hayo hayadhuru afya, ila mteja akiyaona atadhani ni ukungu na hatarudi.

Dawa yake ni kipimajoto cha jikoni. Katakata chokoleti nyeusi, tenga theluthi moja. Yeyusha theluthi mbili katika bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, bila bakuli kugusa maji, mpaka ifike nyuzi 45 hadi 50. Iondoe motoni, tia ile theluthi uliyotenga na ukoroge polepole mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Hapo ndipo pa kuchovyea. Kwa chokoleti ya maziwa, yeyusha isizidi nyuzi 45, kisha ishushe mpaka 29 au 30. Kabla ya kuanza, chovya ncha ya kisu na uiache mahali penye ubaridi. Ikiganda na kung'aa ndani ya dakika tano, endelea.

Jihadhari na maji. Tone moja tu likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka linaweza kuifanya igande mabonge kama uji uliokatika. Mwiko, bakuli na uma viwe vikavu kabisa.

Weka alama ya Kilimanjaro

Mjasiriamali wa Moshi hawezi kushindana na viwanda vikubwa kwa bei. Anaweza kushindana kwa ladha inayotoka nyumbani, na hapa ndipo mkulima anapoingia.

Kahawa ya arabika ya mlimani ni ya kwanza. Usitie unga wa kahawa moja kwa moja, utakuwa kama mchanga mdomoni. Pasha siagi kwa moto mdogo pamoja na kahawa iliyosagwa, iache dakika chache, kisha chuja kwa kitambaa safi. Tumia siagi hiyo kupunguzia sehemu ya maziwa mazito. Mtalii anayeshuka mlimani kupitia Marangu au Mweka anayo sababu ya kununua kitu chenye ladha ya mahali alipopanda.

Siagi yenyewe inaweza kutoka karibu. Wilaya ya Hai ina ushirika wa maziwa wa wanawake wa Nronga, na wafugaji wa ng'ombe wa ndani wako karibu kila kijiji cha mlimani. Karanga zilizosagwa nazo zinafaa, ila chagua karanga kavu na safi. Zilizoota ukungu au kusinyaa zitupe, maana zinaweza kuwa na sumukuvu ambayo haiondoki kwa kukaanga.

Hesabu usiyoipiga ndiyo inayokula mtaji

Tuchukue mfano wa mkupuo mmoja. Bei hizi ni za kufundishia tu. Weka za duka lako.

Biskuti Sh4,000, maziwa mazito Sh3,500, unga wa kakao Sh1,000, chokoleti Sh14,000, gesi na umeme Sh1,500, vikombe vya karatasi na maboksi Sh4,000. Jumla ni Sh28,000. Ongeza nguvu zako: saa tatu kwa Sh2,000 kila saa, sawa na Sh6,000. Gharama kamili ni Sh34,000.

Kati ya vitufe 40, tuseme vinne vitapasuka au vitaonjwa. Vinabaki 36, na kila kimoja kimekugharimu takriban Sh945.

Ukiuza kwa Sh800 utapata Sh28,800. Ukitazama fedha ya manunuzi tu, utaona umebakiwa na Sh800 na kusema biashara inalipa. Ukweli ni kwamba umepata hasara ya Sh5,200, kwani umefanya kazi saa tatu kwa Sh800. Ukiuza kwa Sh1,200, yaani Sh4,800 kwa boksi la vitufe vinne, utapata Sh43,200. Hapo umejilipa ujira wako na biashara imebaki na Sh9,200.

Sasa angalia hatari nyingine. Chokoleti ikipanda kwa nusu, kutoka Sh14,000 hadi Sh21,000, faida hiyo inashuka hadi Sh2,200. Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 za Marekani kwa tani baada ya mavuno kuharibika Ivory Coast na Ghana, nchi ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Bei ilishuka mwaka 2025, lakini somo limebaki: piga hesabu upya kila unaponunua mzigo.

Ajabu ni kwamba Tanzania inalima kakao. Kyela mkoani Mbeya ndiko kwenye wakulima wengi, na Kilombero mkoani Morogoro kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua kakao mbichi na kuichachusha tangu mwaka 2013. Sehemu kubwa ya zao hilo huuzwa nje ikiwa punje, nasi tunanunua chokoleti iliyotengenezwa ng'ambo. Kutengeneza chokoleti kuanzia punje kunahitaji mashine za kusaga kwa saa nyingi, lakini kila jiko linaloongeza wateja wa chokoleti hapa nchini linampa sababu mwenye mtaji kuleta mashine hizo.

Uza kwa oda kwanza

Anayeanza asijaze maduka. Anza na oda za sherehe. Harusi ya watu 200 inahitaji mikupuo sita, ambayo itatoa vitufe 216 na hivyo kubaki ziada ya 16. Ni saa 18 za kazi na chokoleti kilo 2.4. Watu wawili wanaweza kuikamilisha kwa siku mbili bila kukesha. Kwa bei ya mfano wetu, vitufe 200 ni Sh240,000, gharama ni Sh204,000 pamoja na ujira wa Sh36,000, na biashara inabaki na Sh36,000. Dai nusu ya malipo kabla ya kununua chochote, kwani harusi ikiahirishwa chokoleti yako haitaahirishwa.

Kwa duka, kubali tu lile lenye friji inayofanya kazi, na usiache mzigo kwa mali kauli mpaka umjue mwenye duka. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Wakati wa kusafirisha, tumia boksi la kuhifadhia baridi, na vitufe viwe kwenye chombo kilichofungwa ili unyevu usiharibu ganda.

Vitufe vya maziwa mazito vikitunzwa kwenye friji, kwa usalama viuze ndani ya siku saba hadi kumi. Vya jibini laini au mtindi uliochujwa vina maji zaidi, hivyo visizidi siku tano. Weka vitufe viwili vya kila mkupuo kama kielelezo, uvikague mpaka muda uishe.

Usisahau sheria. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kutengenezea uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuondolewa iliyokuwa TFDA. Anzia ofisi ya SIDO mkoani Kilimanjaro, ambako mjasiriamali mdogo hupata mafunzo ya usindikaji na maelekezo ya kufika TBS. Muone pia afisa afya wa kata kuhusu usafi wa jiko na kupima afya. Kwenye boksi andika jina la bidhaa, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kutumika, pamoja na mahali ulipo. Taja wazi ngano, maziwa na karanga, kwa sababu wapo wanaodhurika navyo.

Kabla ya kununua biskuti za mkupuo wa kwanza, basi, nunua vitu viwili: mizani ya jikoni na daftari. Andika kila shilingi na kila kitufe kilichopasuka. Ukifika mkupuo wa tano, daftari hilo litakuwa limeshakuonyesha bei ya kuuzia na kama uendelee. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kinachovuja hakijai.