Fahamu: Jinsi M-KOPA ilivyojenga imani kwa malipo ya kila siku

Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mitambo ya sola nchini Kenya mwaka 2012, wateja wake wengi hawakuwa na historia ya mkopo wa benki. Iliwaaminije? Mteja alitoa malipo ya awali, kisha akalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu. Asipolipa, mtambo ulizimwa hadi alipe.

Mauzo yalipitia mawakala wa mashinani, na kwangu hilo ndilo kubwa zaidi: mtu hununua kwa anayemjua hadi kwake.

Malipo ya kila siku nayo yaliacha kumbukumbu ambazo mwekezaji angeweza kuzipima. Mwaka 2023 kampuni ilipata zaidi ya dola milioni 250, nyingi zikiwa mkopo. Lakini kwa mteja, kulipa kidogo kidogo kuna gharama: jumla anayolipa huzidi bei ya taslimu. Anastahili kuambiwa hilo mapema.