Mchezo huria shuleni

Mchezo huria ni mchezo ambao watoto huuanzisha na kuupangia kanuni wenyewe, bila kuongozwa na mwalimu. Hutofautiana na mashindano kama UMITASHUMTA, yenye ratiba na waamuzi.

Nchini Tanzania mifano yake ni rede, kombolela, kuruka kamba na mdako. Vifaa ni vichache, hivyo shule yoyote inaweza kuumudu, iwe kijijini au katika kata ya mjini kama Manundu, Korogwe. Mdako huhitaji kokoto tu na huchezwa hata darasani siku ya mvua.

Kwa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba muda huo hupungua pale mapumziko yanapogeuzwa vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Hapo hupotea nafasi ya kujifunza kujadiliana, kungoja zamu na kukubali kushindwa. Mwalimu anayetenga dakika chache kila siku huangalia usalama tu, wala hachagui mchezo.

Haki ya kucheza imo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto (1989), ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.