Kwa Udi na Uvumba: Lugha ya Ubani katika Nyumba ya Mswahili



Ni nadra kumpata mzungumzaji wa Kiswahili asiyeujua msemo "kwa udi na uvumba". Mtangazaji wa mpira husema timu imelitafuta bao kwa udi na uvumba. Mgombea huahidi kuipigania barabara kwa udi na uvumba. Lakini tukiwauliza wasemaji hao udi ni nini, uvumba ni nini, na vyatofautianaje na ubani, wengi watasita. Msemo umebaki, vitu vyake vinatutoka. Mhadhara huu unakusudia kuvirejesha mbele yetu, kwani ndani yake mna hoja nzito kuhusu namna tunavyoisoma historia ya lugha hii.

Tuanze na vitu vyenyewe. Ubani ni utomvu mkavu wa miti ya jenasi ya Boswellia, imeayo Dhofar kusini mwa Oman, Yemen, Somalia, Ethiopia na nchi jirani. Mvunaji huchanja gome. Utomvu mweupe kama maziwa huchuruzika, nao ukishaganda hubanduliwa punje kwa punje. Udi ni kitu kingine kabisa: ni kiini cha mti wa Aquilaria wa Asia ya Kusini-Mashariki, kilichojaa utomvu baada ya mti huo kujeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Manemane hutoka katika miti ya Commiphora. Sandarusi ni ya kwetu: ni utomvu wa msandarusi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao mwingi wake ulichimbwa ardhini. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliununua Unguja ili utengenezewe vanishi. Ama uvumba, ni neno ambalo matumizi yake hupishana na ya ubani. Wafasiri wa Biblia ya Union Version walilichagua kuitaja zawadi ya mamajusi, yaani kitu kile kile ambacho mwenye duka wa Unguja angekiita ubani.

Sasa tuyatazame majina. "Ubani" limetokana na neno la Kiarabu lubān, ambalo mzizi wake unahusiana na weupe na maziwa; anayeuona utomvu ukichuruzika hahitaji maelezo zaidi. "Udi" ni ʿūd, yaani kijiti au ubao, na "buhuri" ni bakhūr. Lakini tazameni jinsi lugha ilivyoyapokea. Sauti ya l mwanzoni mwa lubān imeanguka, na neno likapata umbo la nomino za ngeli ya U. Twasema "ubani umekwisha", "ubani wake mzuri", wala hatuhisi ugeni wowote.

Kutokana na majina hayo, wapo waliohitimisha kwamba desturi nzima ya kufukiza ni ya kuazima. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Tukitoka kwenye nomino tukaingia kwenye vitenzi, picha hubadilika. Moshi hufuka, mtu hufukiza, nyumba hufukizwa, mwenye mafua hujifukiza, kinachochomwa ni kifukizo, na dawa ya moshi ni mafusho. Vitenzi hivyo ni vya Kibantu, na unyambuaji wake ni wa Kibantu. Moshi na makaa ni ya Kibantu pia. Hata chetezo, chombo kinachobeba makaa, kimekaa katika ngeli ya KI-VI, na wingi wake ni vyetezo. Jina husafiri pamoja na bidhaa. Kitenzi hukaa nyumbani pamoja na mtendaji.

Historia ya biashara yaafikiana na hoja hii. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., kinaitaja pwani ya Somalia na Arabuni ya kusini kuwa chimbuko la ubani, ilhali bandari ya Rhapta, katika pwani yetu, inatajwa kwa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Ubani basi haukuwa zao letu. Si ajabu kitu kilichokuja kwa jahazi kikaja na jina lake. Lakini kumfukiza mgonjwa au kukifukiza chumba ni tendo ambalo wazungumzaji walikuwa na lugha yake wenyewe.

Lugha hiyo ina ufundi wake. Mama anayefukiza nyumbani jioni huyaacha makaa yashike jivu jeupe juu yake, kisha huweka punje moja au mbili. Makaa yakiwa makali mno, ubani huungua upesi na moshi huwa mchungu. Yakiwa ya wastani, huyeyuka taratibu na kutoa harufu yake. Huzungusha chetezo vyumbani, nguo zikatiwa harufu, mwenye uradi wake akaketi nao, na mwenye kutaka utulivu tu akanyamaza. Sayansi nayo imeanza kuuchunguza utulivu huo: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kemikali moja ya ubani, insensoli asetati, hupunguza dalili za wasiwasi kwa panya. Panya si binadamu, na moshi wowote una chembe zinazodhuru mapafu. Kwa hiyo dirisha na liachwe wazi.

Maana nazo zimesafiri. Katika sehemu nyingi za Tanzania, "kutoa ubani" leo ni kumpa mfiwa fedha za rambirambi. Utomvu umeondoka, mkono wa pole umebaki. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, "kujifukiza" kulivuma upya nchini Tanzania, safari hii kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa. Kitenzi kilichozaliwa na moshi kilikuwa tayari kuupokea mvuke.

Kamusi ikieleza kwamba ubani ni "kitu cha kufukizia", kisha ikaueleza udi na uvumba kwa maneno hayo hayo, imetupa kivuli cha kitu. Nalo jambo hili lina haraka. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera wa Ethiopia, Eritrea na Sudan ulikadiria kwamba mavuno ya ubani wake yangeweza kupungua kwa nusu katika miaka 20, kwa kuwa miti michanga haikui kuchukua nafasi ya mizee. Mti ukiadimika, punje huadimika. Punje zikiadimika, anayejua kuzitofautisha kwa pua na kuzitaja kwa jina huondoka bila mrithi.

Wanafunzi wapenzi, ombi langu ni dogo. Mkirudi makwenu, kaeni na bibi zenu kabla chetezo hakijapoa. Waulizeni wanafukiza nini, lini, kwa nani, na kwa kitenzi gani. Yaandikeni majibu yao kama walivyoyasema, hata yakipingana na kamusi. Hasa yakipingana na kamusi.