Kituo cha Kanda, Anga ya Taifa: Star TV ya Mwanza, Watazamaji wa Mara na Suala la Lugha

Historia ya televisheni Tanzania Bara haiwezi kuelezwa bila kutaja Butiama, na sababu yenyewe si ya kawaida. Kiongozi aliyeamua kwamba Tanzania Bara isubiri kuwa na televisheni alizaliwa katika kijiji hicho mwaka 1922. Kwa Mwalimu Julius Nyerere, chombo hicho kilikuwa anasa ya wachache wa mijini, wakati redio ilikuwa inamfikia mkulima shambani kwa gharama ndogo. Zanzibar iliyapuuza mashaka hayo na kuanzisha televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973. Bara ilisubiri hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, na mwaka 1994 vikaanza vituo vya kwanza: CTN, DTV na ITV, vyote vya Dar es Salaam.

Mwalimu alipofariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, kamera zilikuwa tayari. Picha za jeneza lake, kuanzia lilipopokewa Dar es Salaam hadi mazishi ya Butiama tarehe 23 Oktoba, zilitazamwa na umma uliozoea kuifahamu Butiama kwa masikio tu. Hata hivyo, picha hizo zilikuwa za msafara uliotoka mji mkuu wa biashara kwenda kijijini. Mkoa wa Mara ulionekana kwa sababu taifa lilikuwa na jambo lake huko. Jambo hilo linafaa kukumbukwa, kwa maana muda mfupi baadaye lilitokea jaribio la kuugeuza mwelekeo huo wa kutazama: kituo cha kando ya Ziwa Viktoria kilichotaka kionekane nchi nzima.

Kituo hicho ni Star TV ya Mwanza, kilichoanza kurusha matangazo karibu na kuingia kwa karne hii. Kilikuwa mali ya kampuni ya Sahara, iliyoanzishwa na Anthony Diallo, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Mwanza. Kampuni ilikuwa imekwisha jijengea jina kwa Radio Free Africa, redio ambayo katika miaka ya 1990 iliwazoesha wakazi wa Kanda ya Ziwa kusikia habari zilizosomwa Mwanza badala ya Dar es Salaam. Televisheni ilifuata njia iliyokwisha lainishwa na redio.

Tofauti kubwa ilikuwa katika mawimbi. Redio ya masafa ya kati hupinda na mgongo wa ardhi na kufika mbali. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka, na kilima kimoja kinatosha kuyazuia. Kutoka Mwanza hadi Musoma kwa barabara ni zaidi ya kilometa 200, na Bunda iko njiani. Mnara wa Mwanza pekee haungeweza kuihudumia Musoma, hata ungekuwa mrefu kiasi gani. Ilibidi ama kila mji ujengewe mnara wake wa kupokea na kurusha upya, ama mtazamaji apokee mwenyewe kutoka angani. Katika njia zote mbili setilaiti ilikuwa ya lazima, kwani ndiyo iliyoilisha minara ya miji ya mbali.

Hapa pana jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halifikirii. Setilaiti za utangazaji hukaa juu ya ikweta, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka ardhini. Habari inayopita njia hiyo kutoka Mwanza hadi Bunda, mwendo wa saa chache kwa basi, husafiri zaidi ya kilometa 70,000 kabla ya kumfikia mlaji wake, na huchukua takriban robo ya sekunde. Tena, kwa kuwa Musoma iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, dishi linalotazama setilaiti iliyo karibu na longitudo ya Afrika Mashariki hulala karibu chali, mithili ya ungo ulioanikiwa dagaa. Si ajabu basi kwamba Waswahili wengi waliliita dishi hilo *ungo*.

Setilaiti haichagui. Ishara iliyokusudiwa kuifikia Musoma ilionekana pia Mtwara, Mbeya na Pemba. Kituo cha kanda kikajikuta cha taifa bila kuhamisha studio yake. Faida yake ilikuwa wazi: mtangazaji wa bidhaa alilipia soko la nchi nzima. Gharama yake haikutajwa sana, nayo ilikuwa ya kiisimu. Kituo kinachotazamwa Mtwara hakiwezi kuongea na Mwanza peke yake. Lazima kila neno lieleweke pwani na bara.

Sheria nayo ilisukuma upande huohuo. Kanuni za utangazaji za Tanzania zimevitaka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza, na lugha za makabila hazikupewa nafasi hewani. Sera hiyo ina historia yake ya kuheshimika, na mtetezi wake mkuu alikuwa Mzanaki aliyekuta Kiswahili shuleni Mwisenge, Musoma, kisha akafikia kuzitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa lugha hiyo. Lakini matokeo yake hayakuwa sawa kila mahali. Mara ni miongoni mwa mikoa yenye lugha nyingi zaidi nchini: Kikurya Tarime na Serengeti, Kijaluo Rorya, Kizanaki Butiama, Kijita na Kikwaya kando ya ziwa, Kiikizu upande wa Bunda, na nyingine kadhaa. Wataalamu wa SIL waliofungua ofisi Musoma wamezifanyia kazi ya tahajia baadhi ya lugha hizo, lakini lugha iliyopata maandishi haikupata antena. Hata redio za karibu kabisa na wananchi, Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda, zimejengeka kwa Kiswahili. Kenya iliamua vingine, na Mjaluo wa Rorya akitaka kusikia lugha yake redioni anaweza kuitafuta Ramogi FM ng'ambo ya mpaka. Mawimbi hayaulizi pasipoti.

Kwa hiyo, ukanda wa kituo kama Star TV haukuweza kukaa katika lugha. Ulikaa katika mambo mawili: majina ya mahali na sauti za watu. Taarifa ya habari inayoanza na bei ya sangara au mgogoro wa mifugo Serengeti ni ya kanda hata ikisomwa kwa Kiswahili sanifu kupindukia. Sauti ni suala gumu zaidi. Kikurya, kwa mfano, hakitofautishi /r/ na /l/ kama fonimu mbili, na msemaji wake anapokifikia Kiswahili huja na mfumo wake. Mhojiwa wa Tarime akizichanganya sauti hizo mbili, mtazamaji wa Unguja hucheka, ilhali mtazamaji wa Tarime hakuona kosa lolote. Msomaji habari aliye studio hufunzwa kuondoa athari hiyo. Mkulima aliyeshikiwa maikrofoni hafunzwi. Kipindi kimoja hivyo hubeba Kiswahili cha aina mbili, na mgawanyo wake ni wa madaraka zaidi kuliko wa jiografia: anayeuliza ni sanifu, anayejibu ni wa kanda. Wanaisimu wamevichambua vya kutosha vichwa vya habari vya magazeti. Mahojiano haya ya televisheni, yenye ushahidi mwingi wa lahaja mpya za bara, yanastahili kuhifadhiwa na kuchunguzwa kwa bidii hiyohiyo.

Teknolojia yenyewe iliongeza msamiati. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mwanza mapema mwaka 2013 na miji kama Musoma baadaye, kila kaya ilihitaji kifaa kipya. Umma ulikiita *king'amuzi*, kutokana na kitenzi *ng'amua*. Baadaye *kisimbuzi*, kutokana na *simbua*, likashika katika matangazo rasmi. La kwanza linakipa kifaa akili ya kutambua kilichofichika, la pili linaeleza kazi yake ya kufumbua ishara iliyofungwa. Yote mawili yameundwa kwa mizizi ya Kiswahili, na yote mawili yanaishi.

Mwaka 2012 huohuo BBC ilianzisha *Dira ya Dunia* ya televisheni, na Star TV ndiyo iliyoifikisha kwa watazamaji wa Tanzania. Habari za dunia kwa Kiswahili zilitoka London, zikapitia Mwanza, zikafika Musoma. Kituo cha ziwani kilikuwa kimekuwa njia panda.

Nafasi hiyo haikuwa imara kama ilivyoonekana. Agosti 2018 chaneli za ndani zinazotazamwa bila malipo ziliondolewa katika visimbuzi vya setilaiti vya Azam, DStv na Zuku, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema kwamba leseni za kampuni hizo, zilizo za matangazo ya kulipia, haziruhusu kuzibeba. Mijini kulikuwa na minara ya dijitali ya kukimbilia. Vijijini, mahali ambapo minara hiyo haikufika, ungo ndio uliokuwa njia pekee, na kwa aliyetegemea mmojawapo wa visimbuzi hivyo, ungo uleule uliendelea kuleta mpira wa Ulaya na tamthilia za ng'ambo, huku habari za Mwanza zikiwa zimetoweka.